Vilabu vya pombe na nyumba za wageni wilayani Kilosa

Vilabu vya pombe na nyumba za wageni wilayani Kilosa ni mahali pa kunywa, kula na kulala panapopatikana katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, Tanzania, hasa katika mji wa Kilosa, mji mdogo wa Mikumi na kata ya Ruaha iliyo jirani na Kidatu. Eneo hili limekuwa njia ya wasafiri tangu karne ya 19. Ilipita misafara ya wapagazi kati ya pwani na Ziwa Tanganyika, ikafuata Reli ya Kati pamoja na mashamba ya mkonge, halafu barabara kuu ya kwenda Zambia, viwanda vya sukari, na sasa reli ya SGR. Kila njia ilileta wasafiri wa namna yake, na wasafiri hao ndio waliofanya watu wa hapa wafungue nyumba za namna fulani na si nyingine. Njia ilipohama, biashara nayo ilihama.

Jina la Ruaha linahitaji uangalifu. Ruaha inayozungumzwa hapa ni kata ya Wilaya ya Kilosa iliyoko kwenye barabara ya Mikumi hadi Ifakara, upande wa kaskazini wa mto Ruaha Mkuu. Si Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoko magharibi ya mji wa Iringa, wala si Ruaha Mbuyuni ya Wilaya ya Kilolo, ambapo malori ya barabara kuu husimama wasafiri wakanunua vitunguu.

Majina

Neno "kilabu" (wingi: vilabu) limetoka katika Kiingereza, lakini nchini Tanzania limejipatia maana yake. Mtu akisema tu "amekwenda kilabuni", anayesikia huelewa kwamba ni mahali panapouzwa pombe za kienyeji. Timu ya mpira kwa kawaida huitwa "klabu". Mahali panapouzwa bia za chupa na vinywaji vikali vya kiwandani ni "baa", na baa ndogo yenye meza chache barazani huitwa "grosari", jina lililobaki kutoka zamani lilipokuwa la duka la vyakula na vinywaji.

Nyumba ya wageni huitwa pia "gesti" au "lojingi". Mgeni kutoka nje huchanganywa na neno "hoteli", kwa sababu kibao cha "Hoteli" katika mji mdogo wa Tanzania mara nyingi kinamaanisha mahali pa kula wali na maharage, bila kitanda hata kimoja. Nyumba ya kulala wageni isiyo na leseni huitwa "gesti bubu".

Kambi za misafara

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipanda kuelekea bara kupitia Usagara, nchi ya Wasagara, kwa kufuata bonde la mto Mkondoa. Richard Burton na John Hanning Speke walipita huko mwaka 1857 wakielekea Ujiji, na Henry Morton Stanley alipita Usagara mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta David Livingstone. Burton aliandika kwa urefu juu ya pombe ya nafaka aliyoiona ikipikwa karibu kila mahali alipopita.

Wakati huo hapakuwa na nyumba ya kulipia kitanda. Msafara ulilala kambini. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walijenga vibanda vya matawi na nyasi, wakavizungushia boma la miiba, na asubuhi wakaviacha kwa watakaofuata. Wenyeji walileta unga, kuku, asali na pombe, wakabadilishana kwa vitambaa na shanga. Mtemi au jumbe wa mahali alidai hongo, ambayo siku hizo haikuwa rushwa bali malipo ya kupita na kukaa katika nchi yake. Kwa mtazamo huo, aliyekuwa anaendesha nyumba ya wageni ni kijiji kizima.

Nyumba ya kwanza iliyowekwa rasmi kwa ajili ya kupokea wasafiri katika sehemu hizi ilikuwa ya Wafaransa. Mwaka 1876 mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliitisha mkutano mjini Brussels ulioanzisha Shirika la Kimataifa la Afrika. Shirika hilo lilitaka kuweka vituo kando ya njia za bara ili wavumbuzi wapate mahali pa kupumzika, kutibiwa na kuongeza mahitaji. Tawi lake la Ufaransa lilimtuma kapteni Bloyet, aliyejenga kituo huko Kondoa ya Usagara, karibu na Kilosa ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1880. (Hii si Kondoa ya Mkoa wa Dodoma.) Vituo vya namna hiyo vilijulikana rasmi kuwa vya sayansi na ukarimu. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara akikusanya mikataba iliyotumiwa na Ujerumani kudai nchi. Waliokirimiwa na watawala wa Usagara kama wapita njia walifuatwa na waliokuja kukaa.

Misafara ilileta pia Uislamu na desturi za pwani. Ndiyo maana katika miji ya zamani ya njia hii kijiwe cha kahawa kina umri na heshima kama ya kilabu au zaidi. Kahawa chungu huuzwa kwa vikombe vidogo pamoja na kashata, na wazee hukaa barazani wakizungumza na kucheza bao. Mwislamu asiyekunywa pombe hapungukiwi na mahali pa kupata habari za mji.

Reli, mkonge na kuzaliwa kwa kilabu

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Msafara wa miguu ulikufa katika miaka hiyo michache, na Kilosa ikawa mji wa stesheni. Pembeni ya reli, hasa Kimamba na Kilosa yenyewe, yalienea mashamba makubwa ya mkonge.

Mashamba hayo yalitegemea manamba, yaani vibarua walioandikishwa mbali na kuletwa kwa mkataba. Baada ya mwaka 1944 uandikishaji uliendeshwa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na alilipwa kipande kilipojaa. Wanaume maelfu waliokuwa mbali na wake na mama zao walitaka chakula kilichopikwa na pombe ya aina waliyoizoea kwao, na siku ya malipo walikuwa na fedha mkononi. Wanawake wa vijiji vya jirani, na wale waliofuata waume zao kambini, waliiona nafasi hiyo. Upishi wa pombe ukawa njia mojawapo chache ya mwanamke kupata fedha taslimu bila kumwomba mtu.

Kabla ya hapo pombe ilinywewa nyumbani kwa aliyeipika. Ilipikwa kwa ajili ya arusi, matambiko na matanga, au kuwashukuru majirani waliokuja kulima shamba kwa pamoja. Kilabu kama jengo la umma, lenye mlango, saa za kufunguliwa na karani wa ushuru, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya serikali ya kikoloni. Waingereza, walioitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitaka pombe iuzwe mahali pamoja ili wailinde na waitoze. Kuhusu vinywaji vikali walikuwa na sheria nyingine kabisa: Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na baadaye mkataba wa mwaka 1919 wa Saint-Germain, ilizuia uuzaji wa pombe kali kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara. Hoja iliyotolewa ilikuwa kuwalinda. Matokeo yake yalikuwa aina mbili za unywaji zilizotenganishwa kwa rangi: klabu ya Wazungu yenye wiski, na kilabu cha Waafrika chenye pombe ya nafaka. Tofauti ya leo kati ya baa na kilabu, ambayo watu huiona kuwa ya kipato tu, ina mizizi humo.

Bei ya mkonge ilipoporomoka katika miaka ya 1960, na mashamba mengi kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kambi zilipungua watu. Kimamba haikupata tena siku zake za zamani.

Pombe za kienyeji

Karibu pombe zote za nafaka za eneo hili huanza na kimea. Ulezi au mtama huloweshwa, hufunikwa mpaka uote, huanikwa juani na kusagwa. Nafaka inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chachu huigeuza kuwa kileo. Bila kimea uji ungebaki uji.

Komoni ni ya unga wa mahindi. Unga huloweshwa siku kadhaa mpaka uchachuke, hukaangwa kwenye karai kubwa hadi ubadilike rangi na kunukia, kisha huchanganywa na maji na kimea cha ulezi. Kukaanga huko ndiko kunakoipa komoni rangi ya kahawia na ladha yake, na ndiyo kazi inayochosha kuliko zote, kwa kuwa mpishi hukaa juu ya moto akigeuza bila kupumzika asije akaunguza. Kangara ni nyepesi na tamu zaidi; hutengenezwa kwa pumba za mahindi na asali, na siku hizi mara nyingi sukari badala ya asali. Wagogo na Wakaguru huiita pombe ya nafaka ujimbi. Zote ni nzito, zina machicha ndani yake, na nguvu yake ya kileo hailingani na ya kinywaji kilichokenekwa. Watu wengi huzihesabu kuwa chakula, na si uongo, maana sehemu ya nafaka hunywewa pamoja na kileo.

Ulanzi si pombe ya nafaka. Ni utomvu wa mianzi, na kwao ni nyanda za juu za Iringa na Njombe. Ncha ya chipukizi hukatwa asubuhi na jioni, utomvu hudondokea kwenye chombo kilichofungwa, nao huchachuka wenyewe. Hupatikana wakati wa mvua, mianzi inapochipua. Msafiri anayetoka Mikumi kwenda Iringa huanza kuuona kwa wingi baada ya kupanda milima ya Kitonga, ukiuzwa kwa madumu kando ya barabara.

Togwa hutengenezwa kwa uji na kimea vilevile, lakini hunywewa kabla kileo hakijakolea. Ni kinywaji cha watoto, wajawazito, Waislamu na mtu yeyote mwenye kiu. Togwa ikiachwa muda mrefu mno huacha kuwa togwa, jambo ambalo kila mama mwuzaji analijua na si kila mnunuzi huliuliza.

Jambo moja huamua uchumi wote wa kilabu: pombe hizi hazikai. Komoni iliyo tayari leo, kesho imekuwa kali, na keshokutwa ni chachu isiyouzika. Mpishi ameshanunua mahindi, ulezi na kuni, ameshalipa maji na mashine ya kusaga, na ana siku moja au mbili za kurudisha fedha zake. Kwa hiyo wapishi wa kilabu kimoja hupangiana zamu ili wasiuze wote siku moja. Mvua ikinyesha siku ya zamu yako, au kukiwa na msiba kijijini, hasara ni yako peke yako. Wateja wanaokunywa kwa deni nao ni sehemu ya hasara hiyo. Machicha hayatupwi, hupewa nguruwe na kuku.

Hatari nyingine iko katika nafaka yenyewe. Mahindi au kimea kilichoota ukungu kinaweza kuwa na sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi mabovu yasiyofaa kwa ugali hayafai kwa pombe pia, ingawa ipo dhana kwamba pombe "huua" kila kitu.

Ndani ya kilabu

Kilabu cha kawaida ni banda la wazi au nusu wazi lenye paa la bati au nyasi na mabenchi marefu yanayoelekeana. Pombe huwa katika mapipa au ndoo, na hupimwa kwa kopo au jagi la plastiki. Kibuyu na kata vimebaki zaidi kwenye sherehe za jadi. Pembeni kuna mtu anayechoma nyama au kukaanga mihogo na dagaa. Mgeni anapoingia hutarajiwa kusalimu benchi zima kabla ya kukaa, akianza na wazee kwa shikamoo. Desturi iliyoenea ni kwamba anayeuza huonja kwanza mbele ya mnunuzi, ishara kwamba hakuna sumu wala nia mbaya. Chombo kimoja huzungushwa kwa watu kadhaa. Asiyetaka kunywa kwenye chombo cha pamoja huweza kuomba chake bila kumkosea mtu, hasa nyakati za kipindupindu, ambapo maofisa wa afya huvitazama vilabu kwa makini na hata kuvifunga.

Kilabu pia ni mahali ambapo watu wasiokutana kwingine hukutana. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Ukaguru ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kilosa, alichapisha mwaka 1961 makala juu ya unywaji wa pombe na wizi wa ng'ombe. Alieleza jinsi wakulima wa Kikaguru walivyokutana na wafugaji wa Kibaraguyu na Wakamba penye pombe, na jinsi urafiki, biashara na ugomvi vilivyotokea katika mikutano hiyo hiyo. Mfugaji hakuwa na nafaka ya kupikia. Mkulima hakuwa na ng'ombe. Kilosa imejulikana baadaye kwa migogoro mikali ya ardhi kati ya makundi haya, na anayesoma habari za migogoro hiyo hufaidika akikumbuka kwamba wahusika si watu wasiofahamiana.

Mikumi na barabara ya Zambia

Mikumi imepata jina kutokana na mikumi, aina ya minazi mirefu ya porini ambayo pengine huitwa mivumo. Tawi la reli kutoka Kilosa lilifika Mikumi mwaka 1960 na kuendelezwa hadi Kidatu mwaka 1965. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Lakini kilichoubadilisha mji ni barabara.

Mnamo Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru, na Zambia ikawa hatarini kukosa njia ya kusafirisha shaba na kupata mafuta. Malori yalianza kwenda Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliogopa kuitaja. Barabara ya lami ya TANZAM ilijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Haikupita Kilosa. Ilikata katikati ya hifadhi kwa kilomita takriban 50, ikatokea Mikumi, takriban kilomita 300 kutoka Dar es Salaam.

Umbali huo ndio siri ya Mikumi. Lori lililopakia bandarini na kuondoka mchana hufika huko dereva akiwa amechoka, na mbele yake kuna milima. Nyuma yake kuna hifadhi, ambako mwendo umewekewa kikomo na matuta, na ambako usiku nyati, twiga au tembo anaweza kuwa amesimama katikati ya lami. Kwa hiyo pande mbili za barabara kulijengeka baa, hoteli za chakula, gesti na viwanja vya kuegesha malori. Dereva hulala chumbani na utingo wake mara nyingi hulala ndani ya lori akilinda mzigo. Nyama choma, chipsi mayai na supu ya asubuhi ni vyakula vya Mikumi zaidi kuliko pombe ya ulezi, maana mteja wa hapa ni wa kupita.

Watalii wa hifadhi ni wateja wengine kabisa. Wenye uwezo hulala katika loji na kambi za mahema ndani au pembezoni mwa hifadhi. Wengine, wakiwemo wanafunzi wa ziara za shule na vyuo, hulala mjini kwa bei ndogo na kuingia hifadhini alfajiri. Mtu mmoja anaweza kukaa Mikumi siku tatu akilala lojini asijue kwamba kuna kilabu mita mia chache nyuma ya baa za barabarani.

Miji ya barabara kuu ililipa gharama pia. UKIMWI ulipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, njia za malori zilikuwa miongoni mwa njia zake, na wahudumu wa baa walikuwa miongoni mwa waliokuwa hatarini zaidi. Mishahara yao ilikuwa, na mara nyingi bado ni, midogo kiasi kwamba mteja mwenye fedha ana nguvu juu yao. Kondomu zinazowekwa mapokezi au chumbani katika gesti nyingi za njia hii zina historia hiyo.

Ruaha na miwa

Barabara inayoacha lami kuu Mikumi na kuelekea kusini hupita Kidodi, kwenye nchi ya Wavidunda, na kufika Ruaha. Hapa mteja ni mtu wa miwa. Kampuni ya sukari ya Kilombero ilianza mapema katika miaka ya 1960, na mashamba yake yako pande zote mbili za mto Ruaha Mkuu: kiwanda cha Msolwa upande wa kusini, cha Ruembe upande wa Kilosa. Tangu mwaka 1998 kampuni iko chini ya Illovo ya Afrika Kusini, serikali ikibaki na hisa. Pamoja na mashamba ya kampuni wako wakulima wa nje maelfu wanaouza miwa yao kiwandani.

Bwawa la umeme la Kidatu, lililoanza kuzalisha mwaka 1975 na kufikia uwezo wa megawati 204, lilileta mafundi na vibarua wa ujenzi. Lakini kinachotawala kalenda ya Ruaha ni uvunaji, unaoanza katikati ya mwaka masika yakishapita. Wakata miwa huja kutoka mikoa mingine, hupanga vyumba kwa mwezi au msimu, na hufanya kazi inayomaliza mwili. Vyumba vingi vinavyoitwa gesti hapa kwa kweli ni vya kupangisha. Kilabu hujaa siku za malipo. Msimu ukiisha, mapato ya mpishi wa pombe hushuka na huyo huyo hurudi shambani kulima mpunga au mahindi. Yule manamba wa mkonge na kipande chake angeuelewa mzunguko huu bila kuelezwa.

Ruaha pia ni mahali pa kupitia kwa wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ambayo lango lake liko Mang'ula ng'ambo ya Kidatu.

Nyumba ya wageni ilivyo

Gesti ya kawaida ya Kilosa au Mikumi ina ua katikati na vyumba vinavyouzunguka. Chumba kina kitanda, chandarua, kandambili za plastiki, na labda feni. Cha bei ndogo hutumia choo na bafu vya pamoja. Chenye bafu lake huitwa "selfu". Maji ya moto huletwa kwa ndoo asubuhi kwa anayeyaomba jioni. Nyumba nyingi zina majina ya miji ya mbali, ya watoto wa mwenye nyumba au ya matumaini yake.

Mgeni lazima aandikwe kwenye daftari la wageni: jina, kabila au uraia, kazi, anakotoka, anakokwenda, namba ya kitambulisho na saini. Kusudi la daftari ni usalama, na polisi wana haki ya kulikagua. Kwa mwanahistoria madaftari hayo yangekuwa hazina, kwa sababu hueleza nani alisafiri, lini na kwa kazi gani. Kwa kawaida yakijaa hutupwa au hutumika kuwashia moto.

Ubora hutofautiana sana, na kibao cha nje hakisemi kitu. Anayefika mchana hufanya vyema kuomba kuona chumba kabla ya kulipa, kujaribu kufuli, na kuuliza kama baa ya jirani hupiga muziki usiku. Gesti zisizouza pombe, nyingine zikiendeshwa na Waislamu au na misheni, kwa kawaida huwa tulivu zaidi.

Gongo na sheria

Gongo, au pombe ya moshi, hupatikana kwa kuchemsha pombe iliyochachuka na kupoza mvuke wake. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke wa kwanza huwa na kileo kingi. Sheria ya mwaka 1966 kuhusu pombe ya moshi inakataza kuitengeneza bila leseni, na kwa mpishi wa kijijini hiyo ni marufuku kamili. Hata hivyo ina faida moja ambayo komoni haina: haiharibiki. Mpishi ambaye komoni yake haikuuzika ana kishawishi cha kuikeneka badala ya kuimwaga. Sababu hiyo ya kawaida kabisa hueleza kuendelea kwa gongo vizuri kuliko maelezo kuhusu tabia mbaya za watu.

Hatari yake ni mbili. Ya kwanza ni ukali wake na kutojulikana kwa kipimo. Ya pili, inayoua kwa ghafla, ni methanoli, ambayo mara nyingi huingia pale mtu anapoongeza spiriti ya viwandani ili kuzidisha ujazo. Mjini Nairobi mnamo Novemba 2000 pombe ya namna hiyo iliua zaidi ya watu 100. Macho kuona ukungu, kichwa kuuma sana na kutapika saa kadhaa baada ya kunywa ni dalili za kukimbizwa hospitali mara moja, bila kungoja "pombe iishe"; matibabu ya mapema huokoa uhai na macho. Hakuna njia ya kuitambua methanoli kwa kunusa au kuonja.

Pombe za kienyeji zisizokenekwa ni halali kwa leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, ambayo pia huweka saa za kuuza. Wakuu wa wilaya nchini mara kwa mara hutoa amri ya kufunga vilabu asubuhi ili watu wakalime, na amri hizo huwaangukia kwanza wapishi wanawake ambao pombe yao haiwezi kungoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Pombe kali za pakiti, maarufu kama viroba, zilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi 2017.

Mabadiliko ya karibuni

Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaondoa maelfu ya watu majumbani mwao Kilosa na kuharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, hata treni za abiria zikasimama kwa miezi. Biashara zilizotegemea stesheni ziliumia kwa mara nyingine.

Ujenzi wa reli ya SGR ulileta kambi za wajenzi, na kwa miaka kadhaa vyumba na chakula vilipata wateja. Treni za SGR za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza mwezi Julai 2024, na Kilosa ni mojawapo ya stesheni zake. Safari iliyokuwa ya usiku mzima kwa reli ya zamani sasa ni ya saa chache, na abiria anayefika Kilosa kwa shughuli anaweza kurudi jioni hiyo hiyo. Mwenye gesti aliyefurahia kupata stesheni mpya hana hakika ya kumpata anayelala.

Mikumi nako hali imebadilika tangu mwaka 2023, serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Mabasi mengi sasa hupita Mikumi bila kulala popote. Malori bado husimama.